Mboga za Nyuma ya Nyumba: Somo Litokalo Kawangware

Kawangware ni mtaa ulioko magharibi ya mji wa Nairobi, katika sehemu ya Dagoretti. Mtu afikaye huko kwa matatu namba 46 huona kwanza maduka na vibanda, kisha nyumba za mabati zilizosongamana, kisha magorofa ya mawe ambayo mengine bado hayajapakwa rangi nayo yamekwisha jaa wapangaji. Hatazamii kuona shamba. Lakini akiiacha barabara kubwa na kushika njia ndogo za Gatina na Kabiro, au akiendelea mbele kuelekea Waithaka, Ruthimitu na Mutuini, ataona nyuma ya nyua za watu jambo jingine: matuta mawili matatu ya sukuma wiki, migomba, majani ya nepia, na pengine ng'ombe mmoja wa maziwa asimamaye bandani tangu asubuhi hata jioni. Mboga zitokazo hapo hazipelekwi mbali. Aghalabu huliwa katika nyumba zile zile ziyazungukazo matuta.

Jambo hili si geni wala si dogo. Mwaka 1985 taasisi ya Nairobi iitwayo Mazingira ilipeleleza miji sita ya Kenya, ikaona ya kuwa jamaa 29 katika kila jamaa 100 walikuwa wakilima chakula ndani ya mji ule ule waliokaa. Katika Nairobi yenyewe hesabu ilikuwa jamaa 20 katika kila 100. Watu hao hawakulima kwa kujifurahisha. Walilima ili mshahara upate kuuvuka mwezi. Basi yafaa kutazama kwa makini jinsi shamba dogo la mjini linavyoweza kudumu, kwa maana mengi yaliyokuwapo mwaka ule leo ni nyumba. Tena yafaa kujua ni wakati gani mboga ya mjini ni chakula, na ni wakati gani ni sumu.

ASILI YA MASHAMBA HAYO

Mpaka mwaka 1963 Dagoretti haikuwa ndani ya mji. Ilikuwa nchi ya Wakikuyu katika wilaya ya Kiambu, na ardhi yake ilikuwa mali ya mbari, yaani koo. Wakati wa Hali ya Hatari Serikali ya kikoloni ilianza kufuata mpango wa mwaka 1954 uliotungwa na R. J. M. Swynnerton, ambao kwao vipande vya ardhi vilivyotawanyika vilikusanywa pamoja, vikapimwa, na kila mwenye shamba akaandikishwa kwa jina lake na kupewa hati. Mwaka 1963 mipaka ya Nairobi ikapanuliwa, na Dagoretti ikaingia mjini pamoja na mashamba yake. Kwa hiyo watu wa Kawangware hawakuufuata mji. Mji ndio uliowafuata.

Hapo ndipo Kawangware inapoachana na Kibera, ingawa watu wa mbali huitaja mitaa hii miwili kwa pumzi moja. Kibera ilianza kuwa makao ya askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Keya, waliopewa mahali pale msituni mwanzoni mwa karne ya 20. Wakaao huko leo, walio wengi, hawana hati. Mtu wa Kibera apandaye mboga hupanda mahali asipoweza kusema kwamba ni pake. Mtu wa Kawangware mwenye hati ana haki ya kupanda. Bali ana haki ya kujenga vile vile, na hiyo ndiyo ajali ya shamba lake.

Tuseme mzee mmoja aliandikishwa ekari mbili. Akafa, na wanawe wanne wakagawana nusu ekari nusu ekari. Wana hao nao wana watoto. Kila kizazi hupata kipande kidogo kuliko cha kwanza, na juu ya hayo watu wamekuja kutoka pande zote za nchi kutafuta kazi, hasa kutoka magharibi ya Kenya, nao wataka vyumba. Chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi huleta kodi kila mwezi, mvua inyeshe au isinyeshe. Sukuma wiki haiwezi kushindana na kodi, na anayewaambia watu kwamba yaweza anawadanganya. Mwenye shamba akipima kwa fedha tu, atajenga.

Lakini si lazima achague moja na kuiacha nyingine kabisa. Kosa la wajengaji wengi ni kwamba huijaza nchi yote vyumba mpaka mpakani, wasibakize hata nafasi ya kuanika nguo, kisha huyaacha maji ya paa yamwagike njiani na taka za jikoni zilundikane mlangoni. Yote mawili ni mali ya bustani.

MAJI YA PAA

Hesabu yake ni nyepesi, na mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, huleta lita moja ya maji. Sasa chukua safu ya vyumba kumi, kila kimoja futi kumi kwa kumi. Paa lake lina futi za mraba 1,000, ambazo ni kama mita 93 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 itamwaga juu ya paa hilo lita 1,860. Toa sehemu moja katika tano kwa maji yanayoruka na kupotea, zitabaki kama lita 1,500, ambazo ni mapipa saba. Nairobi hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, katika misimu miwili: mvua ndefu za Machi mpaka Mei, na mvua fupi za Oktoba mpaka Desemba. Basi paa lile lile laweza kukinga zaidi ya lita 70,000 kwa mwaka.

Vyumba hivyo, vilivyodhaniwa kuwa adui wa shamba, sasa ndivyo vinavyolinywesha. Gharama yake ni mfereji wa bati chini ya ukingo wa paa, bomba, na pipa au tangi. Tangi la lita 5,000 hujazwa na mvua tatu nne za namna ile. Nalo tangi hilo, likitumiwa kwa kiasi cha lita 50 kila siku, hudumu siku 100. Ndiyo kusema aliyelijaza kabla ya Krismasi hunywesha mboga zake Januari na Februari na mpaka mvua za Machi zikaribie, wakati jua ni kali, mboga ni haba sokoni na bei yake imepanda.

Maji ya kwanza baada ya kiangazi yasiingizwe katika tangi. Huosha vumbi, masizi na mavi ya ndege yaliyokaa juu ya paa, basi na yaachwe yapite kwa muda wa dakika chache. Tangi lifunikwe vizuri, maana maji yaliyo wazi ndiyo makao ya mbu. Na mtu atakaye kunywa maji hayo ayachemshe kama maji mengine.

MAJI YASIYOFAA

Katika sehemu hii msomaji na asome polepole, kwa kuwa ndiyo yenye hatari.

Mito ya Nairobi hupita karibu na mitaa hii. Mto Nairobi hutoka katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukapita Dagoretti kabla ya kufika mjini. Mto Motoine nao hutoka upande wa Dagoretti ukaingia katika bwawa la Nairobi, kando ya Kibera. Bwawa hilo lilijengwa mwaka 1953 kuwa akiba ya maji ya mji, na kwa muda watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga juu yake. Baadaye likajaa tope, magugu maji na maji machafu ya vyoo, hata watu wakaanza kupanda mboga na nduma mahali palipokuwa maji. Mimea hiyo husitawi sana. Majani yake huwa mapana na ya kijani iliyokolea, na mnunuzi asiyejua huyachagua kwa sababu ya uzuri wake.

Maji machafu yana madhara ya namna mbili, nayo hayafanani. Ya kwanza ni vijidudu na mayai ya minyoo yatokayo katika vinyesi. Mayai ya mchango yaweza kukaa katika udongo miezi mingi, hata miaka, yakingoja kuingia kinywani mwa mtu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo: maji ya kunyweshea mboga yasiwe na zaidi ya yai moja la minyoo katika kila lita. Hatari hii huwapata zaidi mkulima mwenyewe aingiaye matutani bila viatu, mtoto achezaye hapo, na yeyote alaye mboga mbichi. Kuosha kwa maji safi hupunguza, na moto wa chunguni huua.

Madhara ya pili ni ya madini mazito, kama risasi na kadimiamu, yatokayo katika betri zilizotupwa, rangi, viwanda na gereji. Madini hayo hunywewa na mizizi na kukaa ndani ya jani. Hayana harufu wala ladha. Wataalamu waliopima udongo na mboga za mashamba yaliyonyweshwa maji ya mifereji ya vyoo huko Kibera na Maili Saba waliyakuta. Mwanamke aweza kuziosha mboga hizo mara tatu, akazichemsha mpaka zikalainika, na risasi itakuwamo vile vile. Kupika huua mdudu, hakuondoi risasi. Nayo risasi hudhuru zaidi akili ya mtoto mdogo, kidogo kidogo, pasipo homa wala maumivu ambayo mama angeyatambua, na waganga husema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa sababu hiyo hiyo mboga za kando ya barabara kubwa hazifai. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zote za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, lakini risasi iliyoanguka kwa miaka mingi kabla ya hapo haikutoweka. Ingali katika udongo wa ukingoni. Kadhalika mahali palipokuwa gereji, au palipochomwa matairi na nyaya, pasilimwe hata kama pana rutuba machoni.

Kwa upande wa mito kuna jambo la sheria pia. Kanuni za maji za Kenya hutenga ukingo wa mto, tangu mita 6 mpaka mita 30, usijengwe wala kulimwa. Kanuni hiyo haikufuatwa sana mpaka mvua kubwa za Aprili na Mei 2024, mito ya Nairobi ilipofurika na watu kufa, na Serikali ikaamuru waliokaa ndani ya mita 30 waondoke. Vibanda vingi vikabomolewa. Matuta yaliyokuwa kando yao yalikuwa yamekwisha chukuliwa na maji.

BUSTANI ISIYOHITAJI SHAMBA

Vipi basi kwa mpangaji, asiye na paa lake wala futi moja ya ardhi? Jibu lilionekana Kibera. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, barabara zilifungwa, masoko yakachomwa, na chakula kikapanda bei. Mwaka 2008 chama cha misaada cha Kifaransa kiitwacho Solidarités kikaanza kuwafundisha watu wa huko kupanda mboga katika magunia, na kuwapa miche. Mafundisho yakaenea, na magunia yakaonekana milangoni, vichochoroni na juu ya kingo za reli. Mwaka uo huo vijana wengine wa Kibera walisafisha jaa la taka kando ya reli na kuligeuza kuwa shamba la mboga.

Namna ya kutengeneza gunia ni hii. Twaa gunia zima la kilo 50 au 90, lililokuwa la nafaka au sukari, si la mbolea ya chumvichumvi wala la dawa. Twaa na kopo kubwa la mafuta ya kupikia, ulikate kitako ili liwe kama bomba. Tia udongo kidogo chini ya gunia, simamisha kopo katikati, ulijaze kokoto, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi kulizunguka mpaka ufike usawa wa kopo. Sasa livute kopo juu, kokoto zitabaki. Jaza tena kokoto ndani na udongo nje, vuta tena, mpaka gunia lijae. Mwisho wake litakuwa na nguzo ya mawe katikati tangu juu mpaka chini. Maji yakimwagwa juu ya mawe hayo hushuka na kuenea pande zote, hata mche wa chini kabisa hupata haki yake. Bila nguzo hiyo maji hukaa juu, na nusu ya gunia hukauka. Wengi walioshindwa waliiruka kazi hii ya mawe kwa kuona ni mchezo.

Tobo hutobolewa ubavuni kwa kisu, mbali kwa mbali kiasi cha shibiri, kila moja mche mmoja, na juu hupandwa mingine. Gunia moja huchukua miche 30 au 40. Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki sita au nane baada ya kupandikizwa, na mtu achumapo majani ya chini tu na kuacha kilele, gunia humlisha miezi mingi. Lita tano za maji kwa siku zatosha gunia moja. Magunia kumi basi ni lita 50, hesabu ile ile ya tangi iliyotajwa juu. Gunia huwekwa mahali pa jua walau nusu ya siku, juu ya mawe au mbao ili lisioze upesi, na udongo wake uchukuliwe mahali panapojulikana.

Sukuma wiki huliwa na vidukari, wale wadudu wadogo wa kijivu wakaao chini ya jani. Majivu makavu ya kuni yakinyunyizwa asubuhi penye umande huwazuia, na maji ya sabuni huwaua. Mwenye kutumia dawa ya dukani hana budi kusoma kibandiko na kungoja siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Wako wapulizao leo na kuuza kesho, na aulaye uchoyo huo ni jirani.

Samadi na mboji hazina shida kupatikana. Maganda ya ndizi na viazi, majani makavu, takataka za mboga kutoka soko la Kawangware, majivu, na mavi ya ng'ombe, vikipangwa tabaka kwa tabaka na kunyunyizwa maji kidogo, huanza kupata moto baada ya siku chache. Ukichoma fimbo katikati ya chungu na kuichomoa, utaisikia imekuwa moto. Moto huo ndio dawa. Chungu kikifika daraja 55 na kupinduliwa mara kwa mara, mayai ya minyoo hufa. Baada ya miezi mitatu huwa udongo mweusi usionuka. Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1986, imewafundisha wakulima wengi kazi hii, na tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina kanuni moja ya mazao ya namna hiyo na alama yake, Kilimohai. Mkulima wa magunia kumi hahitaji alama hiyo, kwa sababu mnunuzi wake humwona akinyunyiza maji kila asubuhi.

Kwa mwenye ng'ombe iko nasaha ya ziada. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wa taasisi ya utafiti wa mifugo, ILRI, walizichunguza jamaa za Dagoretti zifugazo ng'ombe wa maziwa, kwa ajili ya kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu, kiletacho kuhara na kilicho hatari hasa kwa watoto na kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Hutoka katika mavi ya ndama. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kazi ya banda, maziwa yachemshwe, na mavi mabichi yasitupwe juu ya mboga bali yapite kwanza katika chungu cha mboji.

KUPANDA KILE MAJIRANI WANACHOKULA

Wapangaji wa Kawangware si kabila moja, na hilo ni neema kwa mwenye bustani. Sukuma wiki hula wote, lakini sukuma wiki huletwa kwa malori mpaka soko la Wakulima, na mama mboga huinunua huko alfajiri kwa bei ambayo mtu wa magunia hawezi kuishinda. Mboga za asili ni habari nyingine. Jani la mnavu au la mgagani likichumwa asubuhi, jioni limenyauka. Safari ndefu huliharibu. Auzaye hatua ishirini kutoka mahali alipochuma ana faida ambayo lori haliwezi kumnyang'anya.

Mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu, Waluo huuita osuga, Wakisii rinagu, na baadhi ya Waluhya lisutsa. Mgagani, au saga, ndio chinsaga ya Wakisii na dek ya Waluo. Ni mchungu, na wengi huupika kwa maziwa. Upo mrenda, ambao Waluo huuita apoth, utelezao kooni pamoja na ugali. Ipo kunde, ambayo majani yake huliwa na mizizi yake huutia udongo nguvu. Upo mchicha, ambao huku huitwa terere, uwao tayari katika wiki nne au sita tu. Zamani watu wa mjini walizidharau mboga hizi kuwa chakula cha maskini na magugu ya kondeni. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta huko Juja amefanya kazi miaka mingi kuonyesha thamani yake, jinsi zilivyo na madini ya chuma na vitamini nyingi, na leo huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi.

Biashara yenyewe ni ya mlangoni. Katika ua wa vyumba kumi kuna sufuria kumi kila jioni. Mama mwenye bustani hukata mboga mbele ya mnunuzi, laini au nene apendavyo, na humkopesha yule ambaye mshahara wake haujatoka, kwa kuwa anajua mlango wake. Fedha hizo hazijengi gorofa. Hununua unga, mafuta ya taa na daftari za shule, na mboga iliayo nyumbani mwake hainunuliwi.

Kuhusu sheria, mambo yamegeuka. Kwa miaka mingi kanuni za Baraza la Mji zilikataza kulima kandokando ya barabara, na askari walikuwa wakifyeka mahindi ya watu. Sababu mojawapo iliyotolewa tangu siku za ukoloni ni kwamba mahindi huzaa mbu wa malaria. Lakini mbu hao huzaliana katika vidimbwi vilivyo chini, si katika tone la maji lililo kwapani mwa jani. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini, na mwaka uo huo ikatia sahihi mapatano ya Milan ya miji juu ya chakula. Mkulima wa mjini si mhalifu tena. Bado hajapewa ardhi, na hapo sheria ya Nairobi haijafika ilipofika ile ya Uingereza ya mwaka 1908, iliyowapasa wakuu wa kila mahali kutoa vipande vya kulima pale ambapo watu wameviomba. Kipande cha kawaida huko ni kama mita za mraba 250, yaani sehemu ya kumi na sita ya ekari. Wako wajukuu wa Kawangware walioridhi kiasi hicho hicho, nao huambiwa kwamba ni kidogo mno hakifai kulimwa.

Mwenye kutaka kuanza na aanze kwa mbegu mwezi wa Agosti. Matunda ya mnavu yaliyoiva hupondwa katika bakuli, husukwasukwa kwa maji mpaka mbegu zishuke chini, kisha huanikwa kivulini juu ya karatasi. Za mgagani hupurwa kutoka katika maganda yake yakianza kuwa ya manjano, kabla hayajapasuka yenyewe. Mbegu za mnavu zisiawe katika kisanduku mwanzoni mwa Septemba, zikifunikwa udongo mwembamba na nyasi kavu. Za mgagani hupandwa gunini moja kwa moja, kwa maana mche wake haupendi kuhamishwa. Na mfereji wa paa utengenezwe mwezi uo huo, kabla ya mvua za Oktoba.